Zamu ya Jimbi

Mwinjilisti Godlisten alipofika somo la nne la Kigiriki, kanisa zima liliingia taabuni. Mchana alikuwa akisimamia maegesho ya magari huko Springfield, Marekani, jioni akisoma kozi ya Biblia, na kwa kuwa ndani ya kile kibanda cha maegesho hapakuwa na mtu wa kumsikiliza, kila neno jipya alilolipata juma zima alituwekea sisi. Jumapili moja ya mwezi wa tisa, mwaka 2007, alisimama mbele yetu, akapangusa miwani, akasema, "Filake."

Tukangoja. Kwa Godlisten kungoja ni lazima.

"Filake," akarudia polepole, kama mtu anayeonja mchuzi. "Ndivyo Wagiriki wa kale walivyoiita zamu ya usiku. Usiku wao haukuwa gogo moja refu kama wetu. Waliukata vipande, kila kipande kikawa filake, kila filake na watu wake. Wapendwa, hiyo ndiyo dawa ya kesha letu."

Hapo alinigusa hata mimi, maana kesha letu lilikuwa aibu. Kila Jumamosi ya kwanza ya Novemba tulikutana Lanham, katika ukumbi wa chini wa kanisa la Wamarekani tuliokuwa tukiutumia kwa ibada zetu: Wakenya wengi, Watanzania wachache, na familia mbili za Kikongo. Tulifika saa tatu usiku na sambusa na moto wa kiroho. Ikifika saa saba moto wote umehamia tumboni, na watu wanakoroma chini ya meza. Mwaka uliotangulia, aliyekuwa macho saa tisa usiku ni jokofu peke yake.

"Na hizo filake ni ngapi?" akauliza Mama Serah, mama mkwe wa mchungaji, mama wa Nyeri mwenye miaka sabini na mitatu na ulimi usiozeeka.

"Wayahudi walikuwa nazo tatu, Mama. Warumi wakaja na nne."

"Sasa sisi ni Wayahudi ama ni Warumi?"

Swali hilo lilikula dakika zetu arobaini. Sisi tunaofanya kazi za kutunza wagonjwa na wazee, na ndio wengi, tulitaka tatu, kwa sababu kazini ni tatu na mwili umeshazoea. Wengine wakasema nne, kwa vile ile safari maarufu ya kutembea juu ya maji ilifanyika zamu ya nne, na ukiwa nazo tatu tu muujiza utauweka wapi. Mwisho mchungaji akaamua nne. Alisema tatu zingekuwa kazi, na kesha si kazi. Kisha akauliza nani atapanga ratiba, na macho yote yakanigeukia mimi.

Naitwa Honorata. Nilibatizwa Mkatoliki huko Bukoba, lakini ugenini mtu anasali palipo na lugha yake. Nilikuwa nikifanya kazi katika nyumba ya kutunzia wazee karibu na Adelphi, na kazi yangu mojawapo ilikuwa kupanga zamu za wahudumu thelathini na wawili, kila mmoja na visingizio vyake. Nilijua kupanga. Nilijua nani akiwekwa na nani wataelewana, nani wataibiana mapumziko, na nani ataumwa kila Ijumaa. Nikakubali kwa uso wa unyenyekevu. Moyoni nilikuwa nikichekelea, kwa sababu mwenye ratiba ndiye mwenye usiku, na mimi usiku mmoja nilikuwa nauhitaji sana.

Niliuhitaji kwa ajili ya Mwaura.

Mwaura alikuwa Mkenya wa Murang'a, umri wake arobaini na mmoja, mrefu, mpole, anatunza watu wazima wenye ulemavu katika nyumba moja huko Springfield. Kwa miaka miwili alikuwa na jambo la kuniambia. Najua alikuwa nalo kwa sababu alilianza mara tatu. Mara ya kwanza ni nje ya kanisa, theluji inaanguka. "Honorata, kuna jambo nataka kukuambia," akasema, kisha akainama akaangalia matairi ya gari langu, akaniambia yameisha, na tukazungumza matairi dakika ishirini. Mara ya pili ni kwenye harusi Adelphi, tumepanga foleni ya chakula. "Honorata, kuna jambo," akasema, na mhudumu akamwuliza kuku au mbuzi. Alichagua mbuzi, jambo likapotea. Mara ya tatu nilikuwa naumwa mafua makali, akaniletea supu ya kuku mpaka nyumbani. Alisimama mlangoni, akasema kuna jambo, mara king'ora changu cha moshi kikalia ti, kile kilio cha betri iliyokufa. Alipanda kiti, akabadilisha betri, akafurahi sana kwa kazi yake, akaenda zake.

Mtu ataniuliza, na wewe mdomo huna? Ninao, na waliofanya kazi nami wanaujua. Wanaume wawili nimeshawahi kuwaambia mimi mwenyewe kwamba nawapenda, na wote wawili walijibu kwa adabu na kukubali kwa sababu walikuwa hawana la kufanya siku hiyo. Sikutaka tena kukubaliwa. Nilikuwa na miaka thelathini na minane na nilitaka nitakwe, kwa maneno, na mtu ambaye amefikiria kabla.

Wanasema mvumilivu hula mbivu, lakini wanasema pia ngoja ngoja huumiza matumbo, na tumbo langu lilikuwa limeshaumia. Dada yangu Anitha, muuguzi huko Columbus, Ohio, alikuwa amenipatia kazi na chumba. Mkataba wa nyumba yangu Adelphi ulikuwa unaisha mwezi ule wa Novemba. Anitha alitaka jibu Jumapili ya tarehe nne, na si baadaye, kwa kuwa chumba kile kilikuwa na wateja wengine. Kesha lilikuwa usiku wa kuamkia Jumapili hiyohiyo. Kama Mwaura angesema, ningebaki. Kama asingesema, ningekwenda, na ningemchukia kutoka Ohio, ambako kuna nafasi ya kutosha.

Basi nikapanga. Zamu nne za saa tatu tatu, kuanzia saa kumi na mbili jioni, watu watatu kila zamu, waliobaki walale katika chumba cha watoto cha Shule ya Jumapili mpaka waamshwe. Sharti moja: meza ya maombi isiachwe bila mtu. Godlisten alizipa zamu majina ya zamani: Jioni, Manane, Jimbi na Asubuhi. Jimbi ni jogoo, na zamu yake ni kuanzia saa sita usiku mpaka saa tisa, wakati anapoanza kuwika kule wanakofuga kuku. Kila mtu alitaka Asubuhi, kwa ajili ya yale mambo ya maji. Nikampa Godlisten mwenyewe, pamoja na Rosemary na Cheruiyot, ili manung'uniko yakaishie kwake. Jimbi hakuna aliyeitaka. Nikajiandika mimi, nikamwandika Mwaura, na wa tatu nikamweka Mama Serah, ili asiwepo wa kusema kitu. Mama Serah akifumba macho kusali hafumbui kwa saa nzima.

Nilipompigia Mwaura kumwambia tuko zamu moja na kumwuliza kama Jumamosi usiku ana nafasi, aliniuliza tarehe mara mbili, kisha akasema, "Niko free." Nikafurahi.

Usiku ulifika. Saa sita kamili watu wa Manane walitukabidhi meza, pamoja na mshumaa wa betri, kwa sababu wenye jengo walikuwa wamekataza moto wa kweli. Mwaura alikuja na Mama Serah mkononi, akamketisha, akaniamkia kwa kichwa. Tuliimba kwa sauti ya chini, tukasoma majina ya wagonjwa, tukaombea viza za watu na mitihani ya watoto. Mama Serah aliombea kila mjukuu kwa jina, na anao kumi na saba. Ilipokaribia saa saba alijifunika kanga kichwani, akapiga magoti kwenye mto pembeni, akafumba macho. Huo ndio wakati niliokuwa nimeukusudia.

Nikamimina chai ya tangawizi kutoka kwenye chupa. Nikampa Mwaura kikombe. Simu zetu mbili za kukunja zilikuwa wazi mezani, na saa ilikuwa saba na dakika tano.

"Honorata," akasema, "kuna jambo nataka kukuambia."

"Nakusikiliza," nikasema. Hapakuwa na matairi, wala mbuzi, wala king'ora. Nilikuwa nimekagua.

Akaitikia kwa kichwa. Kichwa kikashuka. Kikashuka zaidi, kidevu kikafika kifuani, na hapo kikabaki. Nilidhani anatafuta maneno. Niliendelea kudhani hivyo mpaka nilipoona kikombe kinalala mkononi mwake, nikakiwahi kabla hakijamwagika. Mwaura alikuwa amelala.

Sitaandika yote niliyoyawaza katika saa iliyofuata, kwa kuwa niliyawazia kanisani. Nilimtazama. Nikafikiria mitume waliolala bustanini usiku wa mateso, nikasema angalau wale walikuwa na huzuni, huyu ana nini? Nilikohoa. Nikasogeza kiti kwa nguvu. Nikaimba ubeti mzima karibu na sikio lake, na yeye akatabasamu usingizini, jambo lililonikasirisha kuliko yote. Kumwamsha kwa mkono sikutaka. Mwanamume anayetikiswa bega ili aseme anakupenda atasema chochote ili aachwe.

Ilipofika saa saba na nusu hasira ilianza kuniishia, ikaja huzuni, na huzuni ndiyo mbaya. Nilimpenda yule mtu. Nilipenda anavyoshika mkono wa Mama Serah kwenye ngazi bila kumfanya ajione mzee. Nilipenda hata ile betri. Nikachukua simu yangu nikamwandikia Anitha ujumbe: "Nakuja. Mwambie mwenye chumba." Sikuutuma. Nikajiapiza kwamba nitampa mpaka saa nane kamili, si dakika zaidi, na ikigonga saa nane bila neno natuma, na mambo ya Mwaura yameisha.

Dakika zikaenda. Hamsini na saba. Hamsini na nane. Hamsini na tisa. Kidole changu kilikuwa juu ya kitufe, na nilikuwa nalia kidogo, najisemea ni tangawizi.

Simu ikabadilisha tarakimu. Ikaandika saa saba kamili.

Nikaipangusa. Saa saba kamili. Nikachukua ya Mwaura, nayo saa saba kamili. Nikaangalia ukutani, saa ya ukutani ikasema saa nane bila wasiwasi wowote. Niliogopa, kwa maana nilikuwa nimejiapiza mbele ya madhabahu na sasa madhabahu ilikuwa inaonekana kunijibu. Kisha akili ya kazini ikanirudia, nikajipiga paji la uso.

Sisi tuliotoka kule ambako jua linaamka saa kumi na mbili mwaka mzima hatukuzaliwa na habari za Wamarekani kurudisha saa nyuma kwa saa moja kila baridi ikikaribia. Lakini mimi nilikuwa na miaka tisa Marekani. Kila mwaka, usiku ule mmoja, nilikuwa napanga zamu ya usiku yenye saa ya ziada, na kila mwaka wahudumu walinigombeza. Ila miaka yote ilikuwa Jumapili ya mwisho ya Oktoba. Mwaka ule serikali iliisogeza mpaka Jumapili ya kwanza ya Novemba. Tangazo nililisikia, nikalisahau, na ratiba ya kesha nilikuwa nimeshaichapa kitambo. Mganga hajigangi. Nilikuwa nimeweka usiku wa saa kumi na mbili mahali penye usiku wa saa kumi na tatu.

Nilikuwa nimesimama juu ya kiti, narudisha mishale ya saa ya ukutani, Godlisten alipoingia kutafuta maji ya kunywa. Alikuwa na blanketi mabegani na soksi moja.

"Dada Honorata, unafanya nini na saa ya kanisa?"

Nikamweleza kwa kunong'ona. Badala ya kunywa maji na kurudi kulala kama mtu mwema, alivuta kiti. Macho yake yalikuwa yameanza kung'aa.

"Hili ni suala zito," akasema. "Hii saa iliyozidi ni ya filake ipi?"

"Yetu, nadhani. Imeangukia kwetu."

"Hapana, dada. Kwa watu wa kale usiku ulikuwa ukirefuka na kufupika kwa majira, na zamu nazo zikirefuka na kufupika kwa usawa. Wa kipupwe walikesha zaidi ya wa kiangazi, lakini zote nne zilikuwa sawasawa. Saa moja gawanya kwa nne, ni robo saa kila zamu. Itabidi tuwaamshe watu wa Jioni waje kumalizia robo yao, halafu Manane."

"Watu wa Jioni wamekwenda nyumbani, Godlisten. Wewe ndiye uliyewafungulia mlango."

"Tunaweza kuwapigia simu."

Kwa namna alivyosema nilijua hatanii. Kisha akamwona Mwaura. Akainama, akamchungulia chini ya kidevu, akanyanyuka na uso wa huzuni takatifu.

"Amelala?"

"Anasali," nikasema.

Sijui neno lile lilitoka wapi. Saa nzima nilikuwa nimemhukumu mtu yule, nimemfunga, nimemwandikia barua ya kumwacha, na mara mtu mwingine alipomnyooshea kidole nikajikuta nimesimama mbele yake kama kuku mwenye vifaranga.

"Anasali namna gani, kichwa chini hivyo?"

"Kwa undani."

Mwaura akakoroma.

"Wayahudi," akasema Godlisten, "mlinzi wa hekalu akikutwa amelala zamuni, waliichoma moto nguo yake akiwa bado ameivaa. Sisemi tufanye hivyo. Nasema nimwamshe Cheruiyot achukue nafasi yake, na huyu akalale ndani. Ndiyo utaratibu."

Kama angemwamsha Cheruiyot, usiku wangu ungekwisha. Cheruiyot hanyamazi. Kabla sijajibu, sauti ikatoka pembeni, chini ya kanga, kwa mtu ambaye hakufumbua hata jicho.

"Godlisten, mwanangu."

"Naam, Mama."

"Hiyo saa ni ya hawa imewapata wakiwa ndani yake. Ingekuja kwako, ingekuwa yako. Sasa kunywa maji ulale."

"Lakini Mama, kwa Kigiriki..."

"Wagiriki nao walikuwa wanalala."

Akanywa maji akaenda. Nikashuka kwenye kiti, nikaenda kupiga magoti karibu na Mama Serah nimshukuru. Yeye alikuwa ameshafumbua macho, ananitazama kwa namna ambayo ilinifanya nijue kwamba hakuna kilichompita tangu saa sita.

"Usimkasirikie," akasema. "Huyo kijana hajalala tangu juzi."

"Aliniambia yuko huru."

"Hakuwa huru. Alikuwa awork usiku huu. Ulipomwambia mko zamu moja, akabembeleza Peterson wa kazini kwao wabadilishane. Akafanya yake ya Ijumaa usiku, akaunganisha na ya Peterson ya Jumamosi mchana kutwa. Kuja kunichukua alikuwa ametoka huko direct. Njiani nilikuwa namfinya mkono asilale kwa steering."

Mimi, mpanga zamu wa watu thelathini na wawili, sikumwuliza yule mmoja anatoka zamu gani. Nilimtazama vizuri kwa mara ya kwanza usiku ule. Kitambulisho cha kazi kilikuwa bado kinaning'inia shingoni. Mashati mawili, moja juu ya jingine, la kanisani juu, la kazini chini, na vifungo vimekosa matundu yake.

"Nimwamshe, Mama, au nimwache?"

"Mimi nasali," akasema Mama Serah, akafumba macho.

Nikarudi mezani nikakaa. Kumwacha alale ndiyo huruma, na nilimhurumia. Lakini nilijua pia kwamba mtu aliyekosa usingizi siku mbili ili aseme neno moja, ukimwacha alale mpaka neno limpite, hutakuwa umemhurumia. Na mimi je? Saa nane ilikuwa inakuja tena, na ujumbe ulikuwa bado uko kwenye simu. Nikaweka mkono juu ya mkono wake. Sikumtikisa.

"Mwaura."

Akafumbua macho, akaangalia ukutani. Saa saba na dakika ishirini na tano. Uso wake ukaharibika kwa aibu.

"Nimelala? Dakika ishirini! Pole sana, Honorata. Pole. Nilikuwa nakuambia kitu."

Ningeweza kumweleza ukweli, kwamba amelala zaidi ya saa nzima, kwamba nimelia, nimeimba, nimesema uongo kanisani na nimepigana na Wagiriki kwa ajili yake. Lakini kwa saa ya ukutani hayo yote yalikuwa bado hayajatokea. Kwa saa ya ukutani nilikuwa mwanamke ambaye hajakasirika.

"Hata sijaona," nikasema. "Endelea. Ulisema kuna jambo."

Akapangusa uso kwa viganja. Akatazama chai, ikawa imepoa, akaiacha. Nikaona anatafuta kitu cha kutengeneza, macho yakapita kwenye mshumaa wa betri.

"Mwaura, huo mshumaa ni mzima."

Akacheka kidogo. Kisha akaacha kucheka.

"Nimeskia unahamia Columbus."

"Nimeitwa. Sijajibu."

"Usiende."

"Kwa nini?"

Nilikuwa nimeapa sitamsaidia hata kwa kukohoa.

"Usiku kazini," akasema mwishowe, "wote wakilala nabaki peke yangu mpaka asubuhi. Watu huuliza nafanya nini hiyo time yote. Huwa nahesabu siku zimebaki ngapi Jumapili ifike. Na si juu ya ibada. Mungu anisamehe nikiwa hapa kwake, si juu ya ibada. Ni juu nitakuona. Nakupenda, Honorata. Nimekupenda hii miaka miwili, na kila nikianza kusema naogopa utasema hapana, halafu sitakuwa tena na Jumapili ya kungoja. Nataka nikuoe. Na ukisema hapana, bado nitakudrive mpaka Columbus mimi mwenyewe na vitu vyako, lakini nitalia njia yote, ndiyo ujue."

Kwa miaka miwili nilikuwa nimejiandalia jibu. Lilikuwa jibu refu, lenye madaha ndani yake, lenye kumfanya angoje japo wiki mbili kulipia zile mara tatu alizoanza asimalize. Nililitafuta sikuliona. Nilisema ndiyo. Niliisema vibaya, kwa sauti ya mtu mwenye mafua, ikabidi niiseme mara ya pili ili asikie, na pembeni ile kanga ilikuwa inatikisika kwa namna ambayo si ya sala.

Nikachukua simu nikaufuta ujumbe wa Anitha, herufi moja moja, kuanzia mwisho. Mwaura hakuuliza ni nini. Alikuwa anatabasamu, na tabasamu lilikuwa limeanza kulegea upande mmoja. Saa nane ilipofika kwa mara ya pili, ikafika kama saa nyingine yoyote, macho yake yalikuwa yanafumba na kufumbua, na yeye anapigana nayo kwa nguvu zote asije akaniaibisha.

"Lala," nikamwambia.

"Siwezi. Niko zamu."

"Zamu ni ya watatu. Wawili tuko macho. Lala, Mwaura."

Akaweka kichwa mezani juu ya mikono yake, na kabla sijamaliza kumfunika koti langu alikuwa ameshakwenda. Nilikaa karibu naye. Nilikuwa nimekesha usiku mwingi sana nchi ile, kwa wazee wa watu, kwa mshahara, kwa kuogopa msimamizi. Saa ile niliikesha kwa hiari yangu, na sikusinzia hata kidogo. Nilimsikiliza anavyopumua, nikaombea kila mtu niliyemjua, mpaka Godlisten.

Saa tisa kamili Godlisten aliingia na watu wake wa Asubuhi, Rosemary na Cheruiyot, amevaa soksi zote mbili na ameshika kitabu cha nyimbo. Akasimama mbele ya meza. Akamtazama Mwaura, akanitazama mimi, akashusha miwani.

"Dada Honorata," akasema, "sasa huyu amelala."

"Ndiyo, amelala," nikasema. "Imbeni polepole. Mchumba wangu hajalala tangu juzi."